Skrini inayovutika kama mpira, mwanga wake unatoka wapi?

ZAWADI: Karibuni tena jamani. Kaka Mussa wiki nzima ananiambia skrini zinavutika, mi nikajua ni zile simu za kukunja.

MUSSA: Hapana dada, hapo ndo wengi wanachanganya. Simu ya kukunja inajikunja tu, jaribu kuivuta uone. Hii unaishika huku na huku unavuta, inarefuka na bado inawaka, yaani unaibandika hata kwenye kiwiko pale ngozi inapovutika kila ukikunja mkono.

ZAWADI: Si wachukue mpira wapachike taa, yaishe?

MUSSA: LG wamefanya kitu cha hivyo, 2024 wameonesha skrini ya inchi 12 inayovutika mpaka 18, ila zile ni taa ndogo ndogo ngumu juu ya kitu laini. Mi ninachokipenda ni wale wanaotaka plastiki yenyewe inayotoa mwanga ivutike, maana kwa kawaida molekuli zake zimekakamaa, ukivuta zinapata nyufa.

ZAWADI: Kama unga wa chapati usio na mafuta, hujaupumzisha, unasukuma unachanika.

MUSSA: Ndo penyewe! Sasa pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, timu ya mtafiti Zhenan Bao, 2022, walichanganya plastiki inayotoa mwanga wa njano na poliyurethani, hiyo ni jamii moja na sponji ya godoro lako, wakaibandika kwenye ngozi ya mtu ikawa inaonesha mapigo ya moyo papo hapo. Kidogo tu, 2023, Chuo Kikuu cha Chicago, timu ya Sihong Wang na Juan de Pablo, wao wakaingiza vipande laini ndani ya mnyororo wa molekuli wenyewe, ikavutika kwa 125%, yaani sentimita 4 inafika 9.

ZAWADI: Na mwanga haupungui?

MUSSA: Hapo ndo nilipofurahi. Zile za mwanzo, umeme ukiingia, kwenye kila mafungu manne ya nishati moja tu ndo linaweza kutoka kama mwanga, matatu yanapotea bure. Hii ya Chicago inatumia joto la kawaida la chumbani kuyasukuma yale matatu yarudi nayo yawe mwanga, na vile vipande laini havikuharibu hiyo kazi.

ZAWADI: Kwa hiyo mbona hatuzioni madukani?

MUSSA: Hewa dada. Plastiki hizi unyevu na oksijeni vinaziua, kwenye simu yako kioo kinazuia, lakini mpira unapitisha.

ZAWADI: Aa kweli, puto la bethidei kesho yake asubuhi limesinyaa na fundo halijafunguka!

MUSSA: Basi ndo hivyo hivyo. Wanatakiwa wapate kifuniko kinachovutika, kinachoonesha ng'ambo, na hewa isipite, vyote kwa pamoja, alafu ukivute mara elfu na elfu kisilegee.

ZAWADI: Mh, hiyo kazi haijaisha.

MUSSA: Haijaisha kabisa, na mi nitaifuatilia.