Sili Mchanga Hapewi Samaki Siku ya Kwanza

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari zenu. Sisi wa pwani tumezoea kasa na pomboo. Sili, yule mnyama wa baharini mwenye mapezi na anayenyonyesha, hatunaye, kwa hiyo leo twendeni kaskazini mwa Uholanzi, kwenye Bahari ya Wadden, ambako Lenie 't Hart alianzisha kituo cha kutunza sili kijijini Pieterburen mwaka 1971.

Huko sili wengi wa pwani huzaliwa mwezi wa sita na wa saba. Mtoto akipotezana na mama yake hulia, hata Waholanzi wakampa jina la huiler, yaani mwenye kulia. Ukimsikia utataka kumbeba. Usimbebe! Huenda mama yuko majini anangoja muondoke. Ndiyo maana kwanza hutazamwa kwa mbali, hata siku nzima.

Haya, kachukuliwa, kafika kituoni, mifupa mitupu. Mtampa nini? Nasikia huku "samaki", na kule "maziwa ya ng'ombe". Maziwa hayo yatamharisha. Ya mama yake karibu nusu ni mafuta, na laktosi, yaani sukari ya maziwa, ni kama hakuna. Samaki naye hafai kwanza, kwa sababu mgonjwa huyu ana kiu. Sili hategemei kunywa maji ya bahari. Maji yake hutoka kwenye samaki anaokula na mafuta anayoyayeyusha mwilini. Aliyeshinda na njaa siku kadhaa amekauka. Basi hupewa maji yenye chumvichumvi, ndugu wa ile ORS ya watoto wetu, kwa mpira unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Mmoja humbana katikati ya magoti, mwingine humimina polepole. Mpira ukiingia njia ya hewa, umemuua. Hakuna mgeni ambaye mkono haumtetemeki hapo.

Halafu huja uji wa samaki: heringi waliosagwa, jamaa wa dagaa wa baharini, uji mwepesi kwanza, kisha mzito. Baadaye samaki mzima, kichwa kitangulie, ama sivyo mapezi yatamkwama kooni. Mwisho samaki hutupwa bwawani, amfukuze mwenyewe.

Sasa hapa ndipo wengi huteleza. Samaki wa friza hupungukiwa vitamini B1, na heringi ana kimeng'enya kinachoiharibu. Sili anaweza kula akashiba, akanenepa, kisha akaanza kutetemeka na kupata degedege. Kidonge cha B1, kilichofichwa ndani ya samaki, ni sehemu ya mlo.

Na hatuongei nao. Si ukatili, sili aliyezoea sauti za watu atazifuata mpaka bandarini. Glavu nazo msizisahau: akikuuma, kidole huvimba vibaya, na daktari asipoambiwa ni sili atakupa dawa isiyofaa.

Mama mmoja hapo mbele ameniuliza kama wakiachiwa hurudi kutusalimia. Boksi likifunguliwa ufukweni, wengi huburuzika moja kwa moja majini. Kwenye pezi la nyuma wana kibandiko chenye namba, na hiyo ndiyo tunayoitafuta kwa darubini.