Nani Mwenye Mamlaka ya Kuibadili Katiba?

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie misingi ya katiba ya nchi na namna inavyobadilishwa. Nitaanzia kwenye kikoba, kwa sababu wengi wetu katika jiji hili tulilizoea neno katiba hukohuko kwenye vikundi vyetu kabla ya kulisikia bungeni. Miaka michache iliyopita, akina mama wa kikundi kimoja cha Temeke waliniita niwasaidie kuisoma katiba yao, kurasa chache zilizochapwa na kubanwa pini, kwa kuwa walikuwa na mgogoro. Katiba hiyo ilisema kwamba mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Kamati ikaitisha kikao, akidi ikatimia, theluthi mbili wakanyoosha mikono, na kifungu kikabadilishwa ili viongozi waruhusiwe kukopa mara tano. Muhtasari ulikuwapo na saini zilikuwapo. Mama mmoja, ambaye siku ya kikao alikuwa hospitalini akimuuguza mwanawe, aliniuliza hivi: "Mwalimu, kura zilitosha, hilo sibishi. Lakini hisa ni zetu sote. Sisi wenye hisa tuliulizwa lini?"

Swali la mama huyu ndilo mhadhara wangu wa leo.

Katiba ni sheria inayosema nani anatawala, kwa muda gani, kwa mipaka ipi, na nini hakiwezi kufanywa dhidi ya mtu hata kama mwenye kukifanya ni Serikali. Kwa sababu hiyo tunaiita sheria mama. Ibara ya 64(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaeleza kwamba sheria nyingine yoyote ikikiuka masharti ya Katiba, Katiba ndiyo itakayotawala na sheria hiyo itakuwa batili kwa kiasi inachokiuka. Mnakumbuka kesi iliyohusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana alitakiwa afikishe miaka 18. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na haki ya usawa iliyomo katika Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Sheria iliyokaa miaka zaidi ya 40 iliangushwa na ibara chache.

Tuliyonayo ni Katiba ya mwaka 1977, yenye sura 10 na ibara 152. Kabla yake tulikuwa na ya Uhuru ya 1961, ambayo Waingereza walitupatia kwa amri ya Malkia wao, ya Jamhuri ya 1962, mpangilio wa Muungano wa 1964, na Katiba ya Muda ya 1965, ambayo licha ya jina lake ilidumu miaka 12. Hii ya sasa ilitungwa na Bunge Maalum mwezi Aprili 1977, miezi miwili na ushei baada ya vyama vya TANU, cha Bara, na ASP, cha Zanzibar, kuungana na kuwa CCM. Ilizaliwa ndani ya mfumo wa chama kimoja, na jambo hilo tusilisahau tunapoisoma.

Sasa naomba mwenye nakala aifungue. Tazameni pembeni mwa maandishi. Karibu kila ukurasa una vijineno vidogo: Sheria ya 1984 Na. 15, Sheria ya 1992 Na. 4, Sheria ya 1994 Na. 34, na kadhalika. Wasomaji wengi huvipita, nami nilivipita kwa miaka mingi. Hivyo ndivyo viraka vya nguo hii: kila kijineno kinaonyesha kwamba ibara iliyo mbele yako si ile iliyopitishwa 1977, na kinakutajia siku ambayo watu fulani walikaa, wakahesabu kura na kuibadili. Marekebisho yanayohesabiwa ni 14, la mwisho likiwa la mwaka 2005.

Mamlaka ya kufanya hivyo yamo katika ibara ya 98. Kwa mambo mengi, muswada wa kuibadili Katiba unahitaji kuungwa mkono na wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wabunge wote. Kwa mambo yaliyo katika Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili, zinahitajika theluthi mbili za wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili za wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Orodha hiyo ni fupi: kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, ofisi ya Rais, Bunge, madaraka ya Serikali ya Muungano na ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar. Isomeni polepole mtafute haki za binadamu. Hamtaziona. Haki ya kuishi, haki ya faragha na uhuru wa mawazo hazikuwekewa kinga ya ziada, na hakuna pahala ambapo ibara ya 98 inamtaka mwananchi apige kura ya maoni.

Sisemi kwamba marekebisho ni mabaya. Hati ya haki za binadamu yenyewe ililetwa na marekebisho ya tano, ya mwaka 1984, ambayo pia yaliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais, ingawa utekelezaji wa haki hizo mahakamani uliahirishwa hadi Machi 1988. Mwaka 1992 marekebisho ya nane yalirudisha vyama vingi. Hapo pana jambo la kutafakari: Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, nayo ikapendekeza vyama vingi kwa kujali wale wachache. Mimi naamini ilipendekeza vyema. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba wingi wa watu hauwezi kukosea.

Lakini tazameni ibara ya 21, ambayo ndiyo imenileta hapa. Ibara hiyo inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake. Wakati huohuo, ibara za 39 na 67 zinamtaka mgombea urais na mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho, ilhali ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu Dodoma, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Kabla mwaka haujaisha, Bunge lilipitisha marekebisho ya kumi na moja. Mwanzoni mwa ibara ya 21 yakatangulizwa maneno yanayoifanya haki ile isimame chini ya masharti ya ibara ya 39, ya 47 na ya 67. Ni mstari mmoja tu. Ibara iliyokuwa ikimpa raia haki ikageuka kuwa ibara inayomwelekeza akatafute kwanza kadi ya chama.

Mtikila alirudi mahakamani. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam walimpa tena ushindi. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba, ikatengua, ikisema suala hili ni la kisiasa na mahali pake ni Bungeni. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Ibara za 39 na 67 zimebaki zilivyo.

Utaratibu wa ibara ya 98 ulifuatwa mwaka 1994, na kura zilitosha. Ila raia aliyenyang'anywa haki hakuwa na siku ya kuulizwa, na hapo ndipo ninapomwona yule mama wa Temeke. Bunge linapewa madaraka na Katiba, na Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Sioni vipi wakala anaweza kuupunguza urithi wa aliyemtuma bila kurudi kwake, hata kama mawakala wenzake wote wamekubaliana.

Wenzetu wa Zanzibar wameshaonyesha njia nyingine. Tarehe 31 Julai 2010 waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na marekebisho yaliyofuata yakaweka sharti kwamba baadhi ya masharti ya Katiba yao yasiguswe bila kura ya wananchi. Upande wa Muungano, Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu katiba mpya, ilizunguka nchi nzima, ikatoa rasimu mbili mwaka 2013, Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Yapo mengi katika rasimu zile ambayo watu wema hawakubaliani nayo, mimi nikiwamo. Ahadi ya kuulizwa ndiyo ninayoidai.

Sasa ni zamu ya maswali. Naomba kila mwenye nakala amsogezee jirani yake, tufungue ibara ya 21, tuisome mara mbili: kwanza pamoja na maneno yaliyoongezwa 1994, kisha bila ya hayo.