Sofabedi ya Uingereza: mlioko Tanga, jibu lenu hili hapa

Asalam aleikum jamani, hasa mlioko Tanga. Kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, umekwenda Uingereza kulala kwenye kochi?" Na wengine: "Nitumie na mimi sofabedi kama hiyo." Kabla hamjasema naringa au nalia njaa, nisikilizeni.

Chumba changu ndicho sebule, ndicho jiko. Mchana sofabedi ni kochi, mgeni anapata pa kukaa. Usiku navuta ule mkanda wa chini, fremu ya chuma inakunjuka kuwa kitanda, miguu yake inaishia kwenye mlango wa kabati. Godoro lake jembamba, bomba la katikati unalisikia mbavuni, kwa hiyo juu natandika sponji. Na chumba chenyewe hupewi hivi hivi. Mwenye nyumba lazima ahakikishe una kibali cha kuishi nchini, siku hizi viza iko mtandaoni, unamtumia namba maalumu aikague. Juu ya hapo dhamana, inaweza kufika kodi ya wiki tano.

Sofabedi yangu ya kwanza ilikuwa mtumba. Nilipotaka kuitoa sadaka, watu wa duka la hisani, lile linalouza vitu vya sadaka, wakapindua mito kutafuta lebo ya usalama wa moto. Aliyeniuzia alishaikata. Kuna kanuni za mwaka 1988, bila lebo hawapokei. Nikailipa halmashauri ije kuichukua. Unalipia kutupa kitu kizima! Wakati huo huo shangazi mmoja anaandika kwenye grupu la familia kwamba nimewasahau, eti sijamtumia kochi. Iliniuma sana.

Sasa kutuma. Meli inatoza kwa nafasi, mita za ujazo, na sofabedi hata ukiikunja ni lizigo. Bandarini, tangu Julai 2022 samani ziko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35 la Afrika Mashariki, bado VAT asilimia 18. Anayerudi nyumbani moja kwa moja anaweza kusamehewa vyombo alivyokuwa akivitumia, lakini mimi sijahama. Hela hiyo ningempa fundi wa Ngamiani anichongee kitanda cha mninga.

Hiyo ni hesabu yangu mimi. Mwenye kontena lenye nafasi ana hesabu zake. Na wewe uliyepanga chumba kimoja Makorora, ukiitaka kweli, muulize fundi kwanza kama anaweza kuchomelea fremu ya kukunja, na upime mlango kabla hujatoa advansi.