De Smet: mhunzi wa kijiji gani?

Haya jamani, waliosimama huko nyuma viti vipo huku mbele, njooni tu, leo simuulizi mtu swali.

Nianze na kengele za milango. Nilipofika Gent, kule Ubelgiji, mara ya kwanza nilipata kibarua cha kugawa vipeperushi nyumba kwa nyumba, sasa kwenye mtaa mmoja tu nikakuta kengele imeandikwa De Smet, mbele kidogo De Smedt, ng'ambo ya barabara Desmet imeandikwa neno moja, nikajua hapa ni boma la ukoo, wamejenga karibu karibu kama kwetu. Nikamuuliza bibi mmoja, akacheka mpaka akashika mlango. Hawajuani hata kwa salamu!

De Smet maana yake mhunzi, basi. Na kila kijiji cha Flanders, upande ule wa Ubelgiji ulio na Gent, kilikuwa na mhunzi wake, nani mwingine atamvalisha farasi chuma kwatoni, jembe likipinda unalipeleka wapi, kwahiyo vijiji mia vinakupa wahunzi mia na watoto wa mhunzi mia, na hakuna damu hata tone inayowaunganisha. Waingereza wana Smith, Wajerumani Schmidt, Waarabu Haddad, na hao kina Haddad wa asili ya Hadhramaut wengine mnawajua huku pwani.

Utasikia watu wanakwambia majina ya ukoo kaleta Napoleon. Hapana bwana, yalikuwepo karne nyingi kabla. Ila Wafaransa walipoitwaa nchi ile 1795 wakaleta daftari la serikali la vizazi na vifo, na sheria yao ilishasema usitumie jina lingine zaidi ya lililo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Hapo ndo kalamu ya karani ikawa mwisho wa maneno. Kasikia vipi, kaandika vipi, na wewe hujui kusoma utambishia nini? Ndugu wa tumbo moja wangeweza kabisa kutoka na tahajia mbili.

Sasa tazameni waliolibeba. Pierre-Jean De Smet, kazaliwa Dendermonde 1801, padri Mjesuiti, akavuka bahari 1821 kwenda Marekani, akaishia kwa Wahindi Wekundu kwenye milima ya Rockies, na 1868 akaenda mwenyewe kambini kwa chifu Sitting Bull kuzungumza habari za amani, mzee wa miaka 67 huyo! Kule South Dakota kuna mji unaitwa De Smet kwa ajili yake. Halafu Paul de Smet de Naeyer, waziri mkuu wa Ubelgiji, huyo "de" yake ndogo, na herufi ndogo kule mara nyingi inanukia ukabaila. Gustave na Léon De Smet wachoraji, hawa kweli ni ndugu, afadhali.

Wanaonifurahisha zaidi ni waendesha baiskeli. Gilbert Desmet wa 1931 alivaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza, kwenye Tour de France, halafu akatokea Gilbert De Smet mwingine wa 1936, naye anaendesha, basi ikabidi wawaite wa Kwanza na wa Pili kama wafalme.

Na kuna Mfaransa mmoja mnamjua kwa jina lingine, mwimbaji wa rock Johnny Hallyday. Jina la kuzaliwa ni Jean-Philippe Smet, babake Mbelgiji, alimwacha akiwa mtoto mchanga kabisa. Kijana akalitupa jina lile, akajaza viwanja miaka na miaka kwa jina la kubandika, afu 2006 watu wakasikia huyooo anaomba uraia wa Ubelgiji, nchi ya baba aliyemkimbia! (Wengi walisema ni mambo ya kodi, na baadaye ombi akaliondoa mwenyewe.) Binti yake akaja kuwa mwigizaji wa filamu, angeweza kula kiulaini kwa Hallyday, nani angemlaumu. Kwenye mabango kaandika Laura Smet.