Ficha Jina Lako Ukitaka, Lakini Usimvue Mwenzio

Assalam aleikum, hamjambo nyote, wazee wangu shikamooni, kina mama, na nyinyi vijana mlojaa huku nyuma karibuni sana. Nimeitwa nizungumze juu ya watu wanaojificha mtandaoni, na walonialika walitaka niseme kwamba dawa ni kila mtu aandike kwa jina lake lile la kwenye kitambulisho, basi, matusi yataisha. Niliwaambia mapema kwamba hilo siwezi kulisema manake silikubali, na leo ntaeleza kwa nini, halafu ntasema lile ambalo mimi naliona ndio shida yenyewe.

Tuanze na leso. Mama akitaka kumfikishia jirani neno, anashuka Biashara Street hapa Mombasa, anapita duka hadi duka, na wala hatazami rangi kwanza, anasoma jina la leso, yaani yale maneno yaloandikwa juu yake. Akilipata lile linalosema la moyoni mwake anainunua, anajifunga, anapita mtaani. Hakumtaja mtu. Aloguswa anajua kaguswa, wengine wanabahatisha tu, na yule aloguswa akitaka anaweza kujifanya hakuelewa na heshima yake ikabaki pale pale. Lakini alovaa leso mwenyewe yuko wazi, kila mtu anamuona, hawezi kusema si mimi.

Sasa njoo kwenye simu. Msemaji ndio hajulikani, akaunti haina sura, jina la kubuni, imefunguliwa juzi. Na msemwa ndio katolewa nje mzima mzima, jina lake la tatu, picha yake, mtaa anaokaa, shule ya watoto wake, na namba ya simu juu watu wamtukane vizuri. Yaani tumepindua kila kitu kichwa chini miguu juu, zamani msemwa ndio alokuwa akifichwa na msemaji akijibeba mwenyewe, leo msemaji kajifunika na msemwa yuko uchi. Watu wakiona hivi wanakimbilia kusema tumvue na yule msemaji, basi. Mimi nasema hapana, kazi yetu ni kumfunika yule alovuliwa.

Manake kujificha jina kuna watu kunawaokoa. Hapa hapa Mombasa, mwaka 1968, kijana Abdilatif Abdalla alikuwa na miaka ishirini na kitu, akaandika karatasi ya kuuliza Kenya inaelekea wapi, zikawa zinagawiwa kwa siri. Alipojulikana alikwenda jela miaka mitatu, mpaka 1972. Kwa kuuliza tu. Mnasema hayo ni ya zamani, haya, Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaloandikwa kwenye mtandao kuhusu mkubwa wa polisi, akapelekwa mpaka Nairobi, na hakutoka mzima kwenye kituo. Polisi wakasema kajigonga kichwa ukutani mwenyewe, madaktari walomchunguza maiti wakasema majeraha yale si ya mtu kujigonga. Sasa wewe simama mbele ya mamake umwambie dawa ya mtandao ni kila mtu aweke jina lake kamili. Mimi siwezi.

Na si siasa peke yake. Kuna kijana anataka kuacha unga, yaani dawa za kulevya, na anatafuta mtu wa kumuuliza lakini babake ni mtu anajulikana msikitini. Kuna mke anapigwa, na simu yake inachunguzwa kila usiku. Kuna binti ana ugonjwa ambao hawezi hata kuutamka mbele ya dadake. Hawa wote wakipata pahali pa kuuliza bila kutajwa, wanauliza, na wengine wanapona. Ukiwalazimisha majina utawanyamazisha hawa, na yule mtukanaji hutomnyamazisha, kwani hamuoni Facebook watu wanavyotukanana kwa majina yao halisi na picha za harusi zao ziko pale juu?

Na hili la majina lishajaribiwa. Korea Kusini mwaka 2007 waliweka sheria kwamba mitandao mikubwa lazima ijue mtu ni nani hasa kabla hajaandika, watu wakatoa namba za vitambulisho. Matusi hayakwisha, yalipungua kidogo tu. Lakini kwa upande mwengine taarifa za watu zikawa zimerundikana, na mwaka 2011 wadukuzi wakaingia kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kule wakachota taarifa za watu kama milioni 35, na nchi nzima ina watu kama milioni 50. Agosti 2012 Mahakama yao ya Katiba ikaifuta ile sheria. Hapo jirani Tanzania, Desemba 2016, Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kushtakiwa kwa sababu alikataa kuwapa polisi majina ya watu walokuwa wakiandika kwenye mtandao wake, baadhi yao wakifichua ufisadi. Kesi zikamzungusha miaka. Alivumilia juu alijua yale majina yakitoka kuna watu wataumia.

Lakini vijana nisikilizeni hapa, msije mkatoka mkasema mwalimu katuruhusu. Kule kujificha kwenyewe ni kwembamba sana. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako, mwaka 2022 mlipanga foleni tena kusajili upya mnakumbuka. Akaunti unafungua kwa namba ile ile. Kila ukiingia mtandaoni kampuni inayokupa intaneti inajua ni laini gani, ilikuwa karibu na mnara gani, saa ngapi, na mtandao wenyewe unaandika anwani uloingilia. Kwa hivyo jina la kubuni linakuficha na jirani yako, na mwajiri wako, na mume wa dadako, lakini kampuni inakuona, na akija mtu na karatasi ya mahakama anakuona na yeye. Mtu anayedhani akiandika "Simba wa Bamburi" hajulikani, anajidanganya, na mara nyingi anajitoa mwenyewe, anaposti picha ya jua linavyozama na nyuma yake inaonekana duka la kwao na bango lake. Au yuko kwenye grupu ya WhatsApp, na siku hizi grupu moja inabeba mpaka watu 1,024, na kila mmoja mle anaona namba yako. Na namba si namba tu hapa kwetu, kwa miaka mtu akiwa na namba yako anajifanya anataka kukutumia pesa kwa M-Pesa, jina linatokea, anakatisha, kashakujua.

Na tunazitoa wenyewe kwa urahisi mno. Unaingia jengo lolote mjini, askari anakusogezea lile daftari, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi, na ukiangalia juu unaona za watu wote walopita tangu asubuhi. Anayekuja baada yako ataziona zako. Mimi hili linaniuma kwa kweli, kwa sababu hakuna anayeuliza daftari likijaa linakwenda wapi.

Haya sasa nije kwenye lile lililonileta. Kina mama mnajua siku ya kupamba, ile ya kumpamba bibi harusi. Ukumbi wa wanawake watupu, buibui zimevuliwa mlangoni, nywele zimetengenezwa, watu wamevaa vile wanavyotaka manake hakuna mwanamume. Kadi imeandikwa kabisa hakuna kupiga picha. Halafu kesho yake asubuhi video iko kwenye stetasi ya mtu, na mchana iko kwenye grupu ya vijana, na jioni kuna mtu kaikata sehemu moja ya binti mmoja anacheza na kaweka maneno yake. Yule binti hakufanya kosa lolote. Alikuwa mahali pa sitara, miongoni mwa watu wake, na mtu mmoja kafungua mlango kwa niaba ya wote. Na aloanza kurekodi anajulikana au hajulikani haibadilishi kitu kwa yule binti. Angeiposti kwa jina lake kamili na picha yake, maumivu ni yale yale. Kwa hivyo msiniambie shida ni jina la kubuni. Shida ni yule alochukua kitu cha mwenzake bila idhini, na wale mia mbili walofowadi, ambao wote wana majina.

Kwa sisi Waislamu hili halina mjadala. Suratun Nur aya ya 27 inakataza kuingia nyumba isiyo yako mpaka ubishe hodi na usalimie. Suratul Hujurat aya ya 12 inakataza kupelelezana na kusengenyana. Na simu ya mtu, picha zake, mesej zake, ni nyumba yake. Ukipokea skrinishoti ya mazungumzo ya watu wawili ukaisoma mpaka mwisho, umeingia bila hodi, hata kama mlango kaufungua mwengine. Ndugu zangu Wakristo mlioko hapa najua nanyi mnayo mafundisho hayo hayo ya kuuchunga ulimi.

Sheria nayo ipo. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 31 inasema una haki mambo yako na ya familia yako yasifichuliwe bila sababu, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Ikaja sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na ofisi ya kamishna wake ina meno, Septemba 2023 iliipiga shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila wazazi kukubali, na klabu moja ya starehe milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja ambaye hakuombwa. Wale wa mikopo ya simu walokuwa wakimpigia shemeji yako na bosi wako kumwambia unadaiwa, kanuni za Benki Kuu za 2022 ziliwakataza. Mwenye shule au duka la nguo humu ndani, mlozoea kuposti wateja, zingatieni hayo.

Lakini sheria ile ya data haimgusi mtu anayefanya mambo yake binafsi ya nyumbani, imeandikwa hivyo, kwa hivyo shangazi anayefowadi picha kwenye grupu ya ukoo huenda isimfikie. Na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kifungu cha 27 kinachohusu kumsumbua mtu mtandaoni, ilivyoandikwa ni faini mpaka milioni 20 au jela miaka 10, ni nzito sana, na mimi naiogopa kidogo kwa sababu mkubwa anayekosolewa naye anaweza kusema nasumbuliwa. Kwa hivyo sipendi tuishi kwa kutegemea polisi. Tunahitaji adabu kabla hatujafika kwa polisi.

Na adabu yenyewe haina maana ya kunyamaza. Mwaka 2024 wakati wa ule mswada wa fedha, vijana walisambaza namba za wabunge, simu zikajaa mesej. Watu waliniuliza wewe unasemaje. Mimi nasema mbunge kapiga kura, kura yake ni ya umma, mkosoe kwa maneno makali ukitaka, mpigie ofisini, mwandikie. Lakini kuna walokwenda mbali wakaanza na mkewe na watoto wake, na mtoto wa darasa la tano hakupiga kura yoyote. Kitendo cha mtu wa serikali kiseme hadharani, kwa jina la kubuni ikibidi. Nyumba yake iache. Na mtu wa kawaida ambaye hana cheo, hana pesa ya umma mkononi, kamkorofisha tu mtu kwenye tuktuk, huyo hana sababu hata moja ya kuwekwa uso wake mbele ya watu elfu hamsini.

Maadmini nina neno na nyinyi pia. Grupu ni yako, ukiona picha ya mtu imeingia usisubiri mjadala, ifute kwa wote, halafu mwambie alotuma kwa faragha, usimwaibishe mbele ya watu manake hapo utakuwa umefanya lile lile unalolikataza.

Na ikikufika wewe. Kabla hujafuta wala hujajibu, piga skrinishoti, hakikisha tarehe na jina la akaunti na linki vinaonekana, mpe mtu mmoja unayemuamini akuwekee. Usimfuate aloposti kumtukana, atafuta ushahidi na kubaki na matusi yako. Ripoti kwenye mtandao wenyewe kwanza ili ishuke haraka, halafu kama ni shule, kampuni, klabu au mkopeshaji, andika malalamiko kwa ofisi ya kamishna wa data, sheria inawapa siku 90 wamalize. Kama ni picha za faragha za mwili, hiyo ni kifungu cha 37 cha ile sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, nenda kituoni na usiende peke yako, mchukue mamako au dadako au wakili. Kama ni mtoto, piga 116, ni bure, na kama ni mwanamke anayetishwa na mumewe au mchumba kwa picha, 1195, nayo ni bure usiku na mchana. Mzazi ukimuona binti kabadilika ghafla, simu kaificha, hali chakula, halali usiku, usianze na kumuuliza ulikuwa ukifanya nini, muulize nani anakusumbua.

Haya, naona mikono ishaanza kunyooka, tuchukue maswali, na atakayetaka kuuliza bila kutajwa aandike kwenye karatasi, zipokezeni mpaka huku mbele.