Tunakwenda Kongamanoni na Nini?

(Mhadhara kwa walimu wa sayansi, Chake Chake)

Walimu wenzangu, assalaamu alaykum. Nimepewa robo saa, na aliyenipa amekaa mbele na saa yake mkononi, kwa hiyo nitakata njia.

Nianze na Mpemba. Msicheke, si wa Wete wala wa Mkoani, ni jina tu. Erasto Mpemba alikuwa mtoto wa Bara, kidato cha tatu, skuli ya Magamba kule Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayatia kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilibaki kidogo. Mwenzake akatia maziwa bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayatia ya kwake yangali moto. Yaliyoganda mwanzo ni ya Mpemba.

Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganya mambo. Akafika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Huko akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likalifanya utani. Mpaka alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Kijana akasimama, wenziwe wakacheka, lakini Osborne akaenda kujaribisha maabara. Mwaka 1969 wakaandika pamoja makala katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Wataalamu wanabishana juu yake mpaka leo.

Sasa, makongamano. Jumuiya ya kimataifa ya elimu ya sayansi na teknolojia, IOSTE, ilianzia Halifax, Kanada, mwaka 1979, na mwaka 1999 wakakutana Durban. Namna yake mnaijua: unatuma ikisiri, yaani muhtasari wa mada yako, wanaisoma watu usiowajua, ukipita unapewa dakika chache ukumbini au unabandika bango lako ukutani. (Mimi napenda bango. Mtu anasimama, anauliza, mnakunywa chai.) Ila sisi wengi tunakwenda na mada ya kuazima, tumebadilisha jina la nchi tu.

Na mimi nilikuwa hivyo. Nilikuwa nafundisha maji kujaa na kupwa, nikaandika ubaoni: maji makubwa kabisa, yaani bamvu, huwa siku ya mwezi mwandamo na siku ya mwezi mpevu. Mtoto mmoja, mama yake analima mwani, akanyosha mkono. "Mwalimu, mama anasema bamvu kubwa si siku ile. Linakuja baadaye, siku moja au mbili." Nikamwambia afuate kitabu. Akakaa.

Usiku sikulala vizuri. Mama yule anashinda baharini na kamba na vigingi vyake. Bamvu ndiyo kalenda yake ya kazi, maana maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hayampi nafasi ya kufika shambani. Basi tukachomeka boriti ufukweni, tukaitia alama ya rangi kila sentimita kumi. Wakati wa bamvu maji yetu hujaa kiasi cha saa kumi jioni, wanafunzi wameshatoka darasani, kwa hiyo wakisoma alama wenyewe. Miezi miwili. Alama ya juu kabisa ikawa inakuja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, kama alivyosema mama.

Wataalamu wa bahari wanalijua jambo hili siku nyingi: mwezi na jua huvuta, lakini bahari ni nzito, ina kina na kingo zake, inachelewa kuitika. Kitabu changu cha darasani kilikata maneno tu.

Tukaandika ikisiri. Kiingereza, maana ndiyo lugha waliyotaka, lakini neno bamvu tukaliacha kama lilivyo na kulieleza pembeni. Jina la kwanza hatukuweka langu.

Kwenye meza zenu kuna karatasi. Kila mmoja aandike swali moja ambalo mwanafunzi alimuuliza, naye akamwambia akae chini. Kalamu zinapita.