Bwawa la Samaki Uani, Chini ya Barafu ya Minnesota

Hamjambo, ndugu zangu. Shikamooni wazee. Wenyeji wameniomba niongee nusu saa, na kwa kuwa chai na maandazi viko nyuma yenu, najua nashindana na nini.

Nianze na mazishi. Aprili ya mwaka wangu wa pili hapa Brooklyn Park nilizika samaki kumi na mmoja kwenye shimo moja kando ya uzio. Mimi mtu wa Mwanza, mtoto wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi, samaki eti nawajua. Barafu ilipoyeyuka niliwakuta wanaelea kiubavuubavu, na maji yananuka mayai viza. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapahapa, akachungulia juu ya uzio akanipa pole: baridi ya mwaka huu ilikuwa kali mno. Nikaitikia. Niliamini hivyo mwaka mzima, na wote wawili tulikuwa tumekosea.

Baridi siyo iliyowaua. Maji yana tabia moja ya ajabu. Yakipoa huwa mazito, kama vitu vingine, lakini yakifika nyuzi 4 za Selsiasi yanageuza mwendo: kuanzia hapo, kadiri yanavyopoa ndivyo yanavyokuwa mepesi. Ndiyo maana barafu huelea, na ndiyo maana maji ya nyuzi 4, ambayo ndiyo mazito kuliko yote, hukaa chini. Wale waliokuwa hapa tarehe 30 Januari 2019 wanaikumbuka ile asubuhi, Minneapolis iliposhuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri na magari yakagoma kuwaka. Siku ileile, chini ya bwawa lenye kina cha kutosha, samaki alikuwa kwenye maji yaliyo juu ya sifuri, ametulia, anapunga mapezi polepole kama mtu anayejipepea kwa pepeo.

Kinachoua ni kifuniko. Barafu ikifunga juu, hewa haiingii wala haitoki. Theluji ikilala juu ya barafu, mwanga nao unakatika, na mimea ya majini inaacha kutengeneza oksijeni. Chini huko kuna majani yaliyoanguka msimu wa kupukutika, kuna kinyesi, kuna chakula kilichobaki. Vyote vinaoza, na kuoza kunakula oksijeni ileile anayoihitaji samaki. Oksijeni ikiisha, uozo unaendelea kwa njia nyingine na kutoa ile gesi yenye harufu ya mayai viza. Kwa hiyo ile harufu ya Aprili ilikuwa cheti cha kifo, nami nilikuwa sijui kukisoma. Mti mkubwa wa mepo ulikuwa umemwaga majani yake yote ndani ya bwawa langu, nikayaacha, nikidhani yatawafunika samaki kama blanketi.

Hapa nichepuke kidogo. Samaki wa dhahabu, na binamu yake wa Ulaya anayeitwa kwa Kiingereza crucian carp, wana ujanja ambao sijausikia kwa kiumbe mwingine mwenye uti wa mgongo nje ya ukoo wao. Oksijeni ikiisha, mwili wao unageuza asidi ya maziwa, ile inayojikusanya kwenye misuli yetu tukikimbia sana, kuwa pombe. Pombe yenyewe! Kisha wanaitoa kupitia matamvua. Mwaka 2017 watafiti wa Oslo na Liverpool walieleza namna kazi hiyo inavyofanyika mwilini, na kwa yule binamu wa Ulaya kiwango cha pombe kwenye damu kinaweza kupita miligramu 50 kwa kila mililita 100. Kuna nchi nyingi ambako angenyang'anywa leseni ya udereva. Koi, wale samaki wakubwa wa mapambo wa rangirangi, hawastahimili ukosefu wa oksijeni kama hao. Wangu waliokufa walikuwa koi, wote kumi na mmoja. Samaki wawili wa dhahabu wa mwanangu, tuliowanunua kwa dola chache, walikuwa hai, wananitazama.

Sasa tuchimbe. La kwanza ni kina, na hapa msibane matumizi. Kwa samaki wa dhahabu, futi tatu. Kwa koi, futi nne au zaidi. Maziwa ya jimbo hili hufanya barafu ya futi mbili, na maziwa hayo ni makubwa. Bwawa la uani ni kikombe cha chai. Bwawa langu la kwanza lilikuwa na futi mbili na nusu. Toeni barafu, toeni tope la majani, mtaona nilikuwa nimewaachia nini.

Halafu kuta. Picha za kwenye majarida zinaonyesha mabwawa yenye miteremko laini kama ufuko, mawe yamepangwa vizuri. Ni mazuri kwelikweli, hasa kwa kulasitara. Yule ndege mwenye miguu mirefu anatembea tu kuingia mezani. Rakuni, yule mnyama mwizi wa usiku, vilevile. Chimbeni kuta zilizosimama, na ngazi moja tu nyembamba ya kuwekea vyungu vya mimea. Kuta zilizosimama pia zinakupa maji mengi kwa eneo lilelile. Futi 10 kwa 8, kina futi 4, ni futi za ujazo 320, sawa na galoni kama 2,400, yaani tani tisa za maji. Turubai la mpira la kutandika humo utalipima hivi: urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza futi mbili za pembeni. Utapata futi 20. Upana nao kwa hesabu hiyohiyo, 18. Msisahau kutandika kitambaa kizito chini yake. Kokoto moja yenye ncha chini ya tani tisa inatosha kukuharibia wiki.

Kabla ya sururu kugusa udongo, pigeni 811, siku chache mapema. Ni bure. Watakuja kuchora rangi mahali nyaya na mabomba ya gesi yanapopita. Na ulizeni mjini kwenu kuhusu uzio, kwa sababu masharti hayafanani. Hata pasipo sharti, mwenye watoto wadogo asingoje kuambiwa: futi nne za maji ni kina cha mtoto kuzama.

Pa kuchimba? Mbali na miti. Mbali pia na sehemu ya chini kabisa ya ua, maana mvua hukusanyia pale mbolea na dawa za nyasi za mtaa mzima. Karibu na umeme, soketi ya nje yenye kinga inayokata umeme ikigusana na maji. Na mahali unapoweza kufika Januari bila kulimia theluji nusu saa. Hili la mwisho hakuna aliyewahi kuniambia.

Mama pale ameinua mkono. Naam, mama. Tufuge sato, yaani tilapia? Hapana, mama yangu. Hata mimi moyo ulinituma huko. Sato wa kwetu akifika kwenye maji ya nyuzi kumi hivi anaanza kufa, na maji ya hapa yanafika huko Oktoba tu. Na ndugu zangu wa Nyeri watasema, basi trauti, mbona wako mito ya Aberdare? Huyo baridi anaipenda. Tatizo lake ni Julai, bwawa dogo linapokuwa kama supu. Chukueni samaki wa dhahabu wa kawaida, wale wenye umbo la samaki, au shubunkini, yaani samaki wa dhahabu wa madoadoa, au koi. Wale wenye mikia ya gauni na matumbo ya mviringo ni wa ndani ya nyumba. Tena msianze na wengi. Kwenye galoni 2,400 mimi naweka koi watano, na rafiki zangu wananicheka.

Maji ya bomba yana klorini, na Minneapolis wanatumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kuyaacha juani siku mbili. Nunueni dawa ya kuiondoa. Basi, hilo limekwisha.

Turudi kwenye kifuniko. Watu wengi hukimbilia kupasha maji moto. Kipasha cha wati 1,250 kikiwaka usiku na mchana kinakula uniti 30 kwa siku. Waliozoea LUKU, ule umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, wamenielewa. Hatuhitaji bwawa la moto, tunahitaji tundu. Tundu moja, la upana wa sufuria, lisilofunga majira yote. Pampu ya hewa ya wati 40 haifikishi uniti moja kwa siku, na mapovu yake yanalinda tundu hilo siku nyingi za baridi. Kwa zile siku mbaya, kuna kipasha kidogo kinachoelea chenye kidhibiti joto, kinachowaka kikihitajika tu.

Lakini jiwe la hewa, lile la mwisho wa mpira wa pampu linalotoa mapovu, uliweke wapi? Mwaka uliofuata yale mazishi nililishusha hadi chini kabisa, kwa akili ya kwamba samaki wako huko. Mapovu yakapandisha maji ya nyuzi 4 juu na kuleta ya juu chini. Nikashusha kipimajoto kwa uzi: nyuzi 1. Nilikuwa nimelikoroga bwawa zima kama uji na kuwaondolea kitanda. Nikapoteza watatu. Majira ya baridi, jiwe la hewa linapandishwa, futi moja au moja na nusu kutoka juu, tena pembeni, mbali na pale penye kina kirefu.

Na tundu likifunga, msipige barafu kwa shoka. Mshindo unapita majini na unamwumiza samaki aliye chini amelala. Wekeni sufuria ya maji yanayochemka juu ya barafu, mngojee, mjaze tena. Nawajua mabinti zangu, wataniuliza kama ni sufuria ya ugali. Tafuteni nyingine.

Kuanzia Oktoba, wavu juu ya bwawa hadi mti wa mwisho uishe majani. Opoeni tope. Kama una maporomoko ya mapambo, pampu yake itoeni, mabomba yakaushwe, la sivyo yatapasuka. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, acheni kulisha, maana chakula kitakaa tumboni bila kusagwa. Najua inavyouma kwa mtu wa kwetu kumnyima mgeni chakula miezi mitano.

Na ukichoka nao, usiwapeleke ziwani. Sheria ya jimbo inakataza, na sababu tuliiona Julai 2021, mji wa Burnsville ulipoonyesha picha za samaki wa dhahabu wa Keller Lake, wakubwa kama mpira wa miguu wa Kimarekani. Mtu fulani aliwaonea huruma, akawaachia.

Kipindi cha kuogopa zaidi ni hiki tulichomo, barafu ikishayeyuka. Maji yanapata joto, vimelea vinaamka, na kinga ya samaki bado imelala. Mchana jua linawaka, usiku inaganda tena. Asubuhi ya leo kipimajoto changu kimesoma nyuzi 7. Nikipita ukingoni wananifuata, midomo wazi. Siwapi kitu. Nitawapa kipimajoto kikisoma 10 asubuhi tatu mfululizo, tena konzi ndogo ya chakula cha ngano.

Maswali?